Komeo la Nje

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya wakati, nikakaa kwenye benchi la kituo cha treni cha Croydon nikiangalia viatu vyangu vipya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Pemba kwa njia ndefu ambayo si habari ya leo, na nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa makosa. Mama alipolisikia jina la kazi hiyo kwenye simu aliuliza, "Makosa ya nani, mwanangu?" Nikamwambia ya watu wote. Akasema basi sitakosa kazi maishani.

Karani wa makosa kazi yake ni hii: mtu anawapigia polisi simu, anaeleza yaliyomfika, na wewe unayaandika. Halafu unalipatia jambo lake namba ya aina. Wizi wa gari una namba yake, na wizi wa kitu kilichokuwa ndani ya gari una namba nyingine. Kuvunja nyumba si sawa na kuvunja banda la bustani. Mwisho wa ukurasa kuna kisanduku kimoja kidogo, na humo unaandika moja kati ya mambo mawili: "kosa" au "hakuna kosa". Ukiandika "kosa", jambo linaingia kwenye hesabu na lazima afisa alifuatilie. Ukiandika "hakuna kosa", jambo linalala pale pale. Nyinyi vijana mnaofungua ramani za uhalifu kwenye simu zenu na kuzivuta kwa vidole, jueni kwamba nyuma ya kila nukta kuna karani aliyejaza kisanduku hicho, na pengine siku hiyo alikuwa na njaa na hasira.

Msimamizi wetu wa Zamu alikuwa mama wa Kiskoti, mfupi, mwenye kalamu tatu amezichomeka kwenye nywele. Siku ile ile ya kwanza alipiga simu mzee mmoja kusema jirani yake kamwibia paka. Nilicheka kimoyomoyo, nikaandika "hakuna kosa". Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Umemwona paka?" akaniuliza.

"Sikumwona."

"Na jirani, umemwona?"

"Hapana, mama."

"Basi umejuaje? Andika alichosema mtu. Unachoamini wewe kakiandike kwenu."

Nilifuta, nikaandika upya, masikio yananiwaka. Sheria yenyewe ndivyo inavyosema, kwa maneno marefu zaidi: mtu akisema ametendewa uovu, na huna ushahidi thabiti wa kuonyesha kinyume, andika. Paka, kwa taarifa yenu, alikuwa kweli kwa jirani.

Nilikaa Croydon miaka tisa. Nikaolewa, tukahamia Walthamstow, mtaa wa pili kutoka pale soko linapoishia, na nikaomba kazi kwa polisi wa kaunti moja nje ya London. Wenzangu walidhani nimevutiwa na hewa safi. Ukweli ni kwamba treni ya asubuhi inayotoka London ina nafasi ya kukaa, na inayoingia London haina.

Huko mambo yalikuwa mengine kabisa. Simu zilihusu kondoo walioingia barabarani, trekta lililoibwa, vijana waliochora ukuta wa kituo cha basi. Mkuu wetu alikuwa Msajili wa Makosa, ndiye mlinzi wa hesabu, anayeamua kipi kiingie na kipi kisiingie pakiwa na ubishi. Alikuwa bwana mpole, nadhifu, anayepanga karatasi zake hadi kingo zilingane. Katika jedwali lake kulikuwa na kijiji kimoja tulichokiita kwa namba ya eneo lake, Arobaini na Saba. Jina lake sitalitaja, wenyewe bado wapo. Mstari wa kijiji hicho ulijaa sifuri kuanzia Januari hadi Disemba.

"Arobaini na Saba hakuna wahalifu," alipenda kusema. "Kuna wastaafu na maua."

Wanakijiji wenyewe walijisifu gazetini kwamba hawafungi milango. Walikuwa na kamati yao ya ulinzi wa jirani, inakutana kila Jumatano asubuhi kwenye ukumbi, na kibao kwenye nguzo kumwonya mwizi ambaye hajawahi kufika.

Sasa nieleze kosa langu, maana hilo ndilo lililoniketisha kuandika.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alipiga simu bibi mmoja wa Arobaini na Saba. Nitamwita Bi. Doris. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imepangika, ya mtu aliyejiandaa kusema.

"Nimefungiwa ndani," akasema.

"Nani amekufungia, bibi?"

"Mwanangu. Ametoka. Huwa anafunga kwa nje."

Afisa alikwenda mchana. Mwana alimfungulia, mtu wa makamo, mwenye adabu, akamtengenezea chai. Akaeleza kwamba mama yake anasahausahau, hutoka akapotea, na yeye anamlinda. Bi. Doris alikaa pale pale akitazama kikombe chake. Afisa akarudi na maneno mawili: "Mzee, anasahau." Nami kwenye kisanduku nikaandika "hakuna kosa".

Alipiga tena. Alipiga Jumatano sita kwa jumla, zote zamu yangu. Mara ya tatu aliniambia anaumia mkono, mwanawe alimvuta. Baada ya ile mara ya kwanza sikumtuma mtu tena. Nilizungumza naye kwa upole, nikamwambia, "Pumzika, bibi. Kunywa chai, atarudi sasa hivi." Kisha nikajaza kisanduku kwa neno lile lile.

Msidhani nilikuwa mvivu. Ningekuwa mvivu ningejisamehe mapema. Kwetu nilikokulia, jambo la mama na mwanawe halivuki ukuta wa nyumba. Tuna neno lake, sitara, na tunaombeana katika dua: Mungu akusitiri, asikuvue nguo mbele ya watu. Nilimsikia mzazi akimtaja mtoto wake kwa polisi nikaona haya kwa niaba yake. Nilijua siku atakayotulia atajuta, kijiji kizima kitajua, na hatakuwa na uso wa kutokea kanisani. Nikaona mimi, binti wa watu wenye adabu zao, ndiye niliyewekwa pale kumfunika. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote, na nilirudi nyumbani nikalala vizuri.

Baada ya simu ya sita bibi hakupiga tena. Nilishukuru, nikadhani wamepatana.

Mwaka huo ngazi za juu ziliamua kukipa Arobaini na Saba cheti cha kijiji salama. Msajili alichaguliwa kukikabidhi, na mimi nikaenda naye kubeba jedwali, lining'inizwe ukutani watu walione. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga kijiji nilichokiandika miaka kadhaa. Kilikuwa kizuri, sitakisingizia. Milango kweli ilikuwa wazi, baiskeli zimeegeshwa ukutani bila kufuli. Ukumbini mwana wa Bi. Doris alikuwa akigawa viti. Nilimtambua kwa jina lililobandikwa kifuani: katibu wa kamati ya ulinzi. Kumbe Jumatano asubuhi alikuwa akija huku.

Shughuli ilikuwa haijaanza. Nilitoka nje. Anwani nilikuwa naijua kwa moyo, nimeiandika mara sita, na nilijiambia nakwenda kumwamkia tu bibi wa watu. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nikabisha, pakawa kimya. Jirani aliyekuwa akinyunyizia maua yake akaniambia kwa ukarimu, "Mama yake yumo ndani, mpenzi, lakini hawezi kukufungulia. Anatangatanga, maskini. Yule mwana ni malaika."

Nilizunguka upande wa bustani. Kulikuwa na mlango wa jikoni, wa mbao, umepakwa rangi ya kijani. Juu yake palikuwa na komeo la chuma, jipya, skurubu zake bado zinang'aa. Lilikuwa nje.

Nililitazama sijui kwa muda gani. Katika kijiji kizima kisichofunga milango nilikuwa nimekuta komeo moja, na mwizi hawekewi komeo upande wa nje. Mama yangu alikuwa na msemo wa wazee, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nilikuwa nimeusikia tangu utotoni na sikuwahi kuutii.

Karani hana ruhusa ya kugusa mlango wa mtu. Tunafundishwa hilo wiki ya kwanza. Nikapiga hodi kwa Kiswahili, sijui kwa nini, nikalivuta komeo.

Bi. Doris alikuwa amesimama katikati ya jiko. Alikuwa amevaa koti lake la kutokea, kofia kichwani, mkoba mkononi, amejitayarisha kama mtu anayengoja gari la kumchukua. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama ya samawati iliyoanza kugeuka manjano. Nikamwambia, "Samahani, bibi, nimeingia bila kukaribishwa."

Aliinamisha kichwa kusikiliza. "Sauti yako naijua," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia ninywe chai."

Katika kaunti ile yote hapakuwa na sauti nyingine ya namna yangu. Sikuweza kukana. "Ndiye mimi," nikasema.

"Nilipokwambia nimefungiwa, uliandika nini?"

"Niliandika hakuna kosa."

Akafikiri. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Aa," akasema taratibu. "Ndiyo maana hawakuja."

Nilimshika mkono ule mzima, tukatembea hadi ukumbini. Njia yenyewe ni fupi. Jirani wa maua aliacha maji yakamwagika. Mlangoni nilimvuta Msajili kando nikamweleza kila kitu, komeo, simu sita, na kisanduku.

"Wewe ni karani," akaninong'oneza. "Huna mamlaka ya kufungua mlango wa mtu."

"Mlango nimeshaufungua, bwana. Sasa naomba kuandika."

"Unajua cheti kipo pale mezani? Unajua nani amepanga vile viti?"

"Najua. Ndiye aliyelifunga lile komeo."

Alimtazama Bi. Doris, koti lake, kofia yake, kisha ule mkono. Rangi ilimtoka. Alimwita afisa aliyekuja nasi, wakamkalisha bibi kwenye gari letu. Nataka kusema cheti kilirudi kwenye bahasha, lakini mpiga picha alikuwa ameshafika, na Msajili alikikabidhi kwa mwenyekiti wa kamati bila hotuba. Tulipokuwa tunarudi aliongea mara moja tu. "Jumatatu," akasema, "andika zote sita. Kila moja kwa siku yake."

Niliziandika. Mstari wa Arobaini na Saba ukapata tarakimu yake ya kwanza, na baadaye ukapata nyingine, kwa sababu watu waliona sasa kuna anayesikiliza. Mama mmoja alipiga kuhusu mumewe. Mzee mmoja alipiga kuhusu mlezi aliyekuwa akimpiga makofi. Gazeti likaandika kwamba uhalifu umeingia kijijini, na wanunuzi wa nyumba wakaanza kusita. Msajili aliitwa juu kujieleza, nami nikahamishiwa chumba cha kumbukumbu, chini, pasipo na dirisha. Sikulalamika.

Mwana alifikishwa mahakamani, akasema alikuwa akimlinda. Bi. Doris alikwenda kuishi kwa dada yake, mbali na pale. Zaidi ya hapo sijui. Mwanzo wa mambo ya watu hufika mezani kwa karani, mwisho wake haufiki. Hakuniandikia barua, na hakuwa na sababu ya kuniandikia.

Nimestaafu sasa. Goti moja halinitii, na asubuhi nashuka sokoni kununua samaki na kubishana bei kwa ajili ya mazoezi. Kazini walinipa saa ya mezani na keki. Wajukuu wangu walikua wakinijua kama bibi wa hadithi ya paka aliyeibwa.

Mwezi uliopita alikuja Salma, mjukuu wangu mkubwa, ana mimba ya kwanza na anataka kuhama London. Kasikia visu, kasikia wizi wa simu, ana hofu, na simlaumu. Alinionyesha kijiji kimoja kwenye simu. Salma Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza tangu mdogo. "Angalia, Bibi," akasema kwa Kiingereza chake, "sifuri. Hakuna kitu. Mtoto wangu atakuwa salama." Nikamwambia tukakione kwanza.

Tulikwenda Jumamosi. Yeye alitazama shule, zahanati na duka. Mimi nilipita njia ya nyuma ya bustani na mkongojo wangu, nikitazama milango ya jikoni, mmoja baada ya mwingine. Aliponifikia aliniuliza natafuta nini. Nikasimama pale pale, nikamsimulia yote niliyowasimulia nyinyi. Alilia. Kisha akaniuliza kwa nini miaka yote hii sikuwaambia.

"Nilikuwa namsitiri yule bibi," nikamwambia.

Salma aliweka mkono wake juu ya tumbo. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno. "Yeye, Bibi? Au ulikuwa unajisitiri wewe?"

Nikamwambia ni kweli, nilikuwa najisitiri mimi. Jioni nilirudi Walthamstow nikaanza kuandika haya, kama alivyonifundisha yule mama wa kalamu tatu, yaliyosemwa na watu, si ninayopenda kuyaamini. Nimefika mwisho wa ukurasa. Kwenye kisanduku nimeandika "kosa".