Maswali Waliyouliza Kuhusu Gari la Baba

Wanunuzi wote waliuliza mambo yale yale, utadhani walikaririshwa katika darasa moja. Linakula mafuta kiasi gani? Limewahi kugonga? Kwa nini mnaliuza? Hilo la mwisho nililijibu mimi, haraka haraka: mzee haoni vizuri siku hizi. Sikusema kwamba haoni kabisa, wala kwamba kila asubuhi alitoka akipapasa ukuta, akaketi kwenye usukani, akaliwasha na kulisikiliza. Siku moja aliweka gia ya kurudi nyuma akabomoa ukuta wa jirani. Dakika chache kabla, mama wa nyumba ile alikuwa anaanika mtama pale pale.

Lilikuwa gari la familia, si kubwa si dogo, la aina ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Lilitupeleka shule sisi wanne. Lilibeba zabibu za Makutupora mpaka buti likabaki na harufu ya uchachu. Lilimpeleka mama hospitali, baba akarudi nalo peke yake.

Alikubali liuzwe kwa sharti moja. "Umpe mtu mwenye watoto. Gari hili halijazoea kukaa kimya."

Tatizo ni kwamba baba hajui kusitiri jambo.

"Shikamoo mzee. Eti spea zake zinapatikana?"

"Marahaba. Hazipatikani. Hili wameshaacha kulitengeneza. Ukitaka spea, usubiri mwenzake afe, ukamvue."

Mnunuzi akaaga. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Nilimfokea baba, jambo ambalo sijisifu nalo. Akanijibu kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Miezi ikapita, jua la mtaani kwetu Area D likalibabua rangi. Kisha Jumapili moja, baba akiwa kanisani, akaja mtu ambaye hakuuliza swali hata moja. Alifungua boneti, akagonga kila mlango kwa kidole, akatazama taa moja moja. Nilimjua ni wa kazi gani: hununua magari akayafungua, akauza kipande kipande. Nilikuwa nimechoka. Nikampa ufunguo.

Baba aliporudi nikamwambia limekwenda Kondoa, kwa mwalimu mwenye watoto watatu. Alicheka. Tangu tumzike mama sikuwa nimemsikia akicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko kama angenitukana.

Tangu hapo maswali yakawa yake. Nikirudi jioni kutoka kazini Mtumba, hata viatu sijavua: wale wa Kondoa wamepiga simu? Watoto wanawahi shule? Nani anakaa dirishani? Nikajibu yote. Yule mdogo nikasema anatapika safarini, kama nilivyokuwa natapika mimi, na baba akaagiza wampe ndimu anuse. Niliona aibu, lakini kesho yake nikaongeza mengine.

Juzi aliuliza tena, akiwa barazani na fimbo yake magotini.

"Na spea je, wanapata?"

Kichwa changu kilikuwa bado ofisini. "Siku hizi zinapatikana, baba. Taa, milango, kila kitu."

Aliipapasa ile fimbo.

"Basi kuna lililokufa," alisema. "Maskini. Sijui lilikuwa la nani."