Kifungo Juu ya Tunguu

Mama mdogo ameshona nguo miaka arobaini, na ugonjwa wake ni mmoja: haamini mshono mpaka aufumue kidogo aone ndani. Wateja wamemzoea. Mimi nilidhani ugonjwa huo unaishia kwenye cherehani.

Nyumba ya marehemu mama ilipouzwa, niliondoka na matunguu matatu ya ua lake. Yanafanana na vitunguu maji, ila hayaliwi. Ua lenyewe ni jekundu, la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Kiangazi hupotea kabisa, mvua zikianza hurudi, mwaka hadi mwaka. Nilipopanga hakuna hata kipande cha udongo, kwa hiyo nikampelekea mama mdogo. Uwani kwake jengo la jirani limeziba jua na mawaridi yote yamekufa, lakini ua hili linapenda kivuli.

Baada ya miezi mitatu nikakuta limebaki tunguu moja.

"Mengine yako wapi, mama mdogo?"

"Yamekufa. Majani yalinyauka, nikawa nayafukua kila Jumamosi niyaangalie. Hayachipui. Nikayatupa."

"Kunyauka ndiko kulala kwake. Umeyafumua kama pindo la suruali."

Nilikasirika kwelikweli. Mama hakuniachia kingine kilicho hai. Niliondoka bila kunywa chai, na yeye hakunibembeleza.

Wiki iliyofuata akanipigia. Alikuwa amepata dawa ya mikono yake: amechomeka vijiti viwili, akafunga uzi katikati, na kwenye uzi ametundika kifungo cheupe, upana wa kidole juu ya tunguu lililobaki. Chipukizi likitokeza litakigusa, na yeye hatafukua tena. Nilicheka, kisha nikaambukizwa. Kila asubuhi nikimpigia, hata salamu sikumaliza.

"Kifungo?"

"Hakijaguswa. Na goti langu linauma, kama unataka kujua."

Mvua zikaanza. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikaanza kulihesabu nalo limekufa. Ndipo siku moja akaniambia, "Njoo," akakata simu.

Nilipofika alipita kifungo bila kukitazama, akanipeleka nyuma ya tangi la maji, kwenye giza la ukuta alikokuwa akimwaga majivu zamani. Maua mawili mekundu yalikuwa yamesimama pale, hayana hata jani.

"Ni yale niliyotupa," alisema. "Nimekuja kuangalia bomba, nimeyakuta. Huku sijatia mguu tangu siku ile."

Nililia bila kujificha. Naye macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini alirudi kwenye vijiti vyake, akatoa mkasi, akakata uzi na kutia kifungo mfukoni.

"Hili nalo tuliache," alisema. "Kesho ukinipigia, niulize habari za goti."