Pete ya Lenzi Haigeuzwi

Usinitazame hivyo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na diploma ya upigaji picha niliyoilipia Doha kwa kuosha sahani za watu. Hakuna aliyenichangia.

Kaka yangu Mutua alinipokea kijijini kwetu Mbumbuni kwa kicheko. "Yaani miaka saba ulikuwa unasomea kupiga picha giza? Sikia bwana. Lete picha ya nyota Jumapili, chumba cha baba pale sokoni kiwe studio yako. Ukikosa, naweka mbolea."

Nilibaki na filamu moja tu, na filamu haikuonyeshi kosa mpaka uisafishe. Alama ya mwisho kwenye lenzi, ile ya vitu vya mbali kabisa, nayo hudanganya, hasa lenzi ikishapata joto la jua la kwetu. Kwa hiyo usiku ule, kabla ya kuweka filamu, nilifungua mgongo wa kamera, nikabana kipande cha kioo chenye ukungu mahali filamu inapokaa, nikachungulia kwa kioo cha kukuzia. Nikageuza pete ya lenzi polepole mpaka nyota zikawa ncha za sindano.

Ndipo nikamwona mwanamke penye ua wa makonge, hatua kumi mbele yangu. Niamini, hakunitisha yeye. Kilichonitisha ni kile kioo. Lenzi ikilenga nyota, kitu cha karibu hivyo huonekana kama moshi. Yeye ningeweza kuhesabu nyuzi za leso yake.

"Kijana, sikuoni vizuri," akasema. "Geuza hiyo kitu kidogo. Nilete karibu."

"Mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwetu, "hii haigeuzwi."

"Hata kwa mama?"

"Mama yangu amelala nyumbani."

Niliifunga pete kwa selotepu, nikaweka filamu, nikapiga fremu zote, yeye akiniita kwa jina ambalo sikumtajia. Wewe ungekimbia? Mimi nilikuwa na kazi.

Nikasafisha filamu bafuni. Nyota zilitoka kali, yeye hakuwemo. Mutua alizitazama, akanipa ufunguo wa chumba cha baba.

Harusi napiga kwa lenzi nyingine. Ile ya selotepu, nikichungulia popote, sokoni au kanisani, mchana kweupe, yupo, mkali kama wembe, akingoja. Mchungaji anasema niitupe. Siitupi, niliinunua kwa jasho langu.

Nawe ukienda kupiga nyota, funga pete yako mapema, na mgeni asikubembeleze kuigusa. Mimi sikuigusa. Ndiyo maana bado yuko mbali.