Kaburi na Nyumba Yangu

Shangazi yangu hakujua kusoma, lakini alitembea mahali ambapo mimi, mwenye cheti cha sekondari, nisingethubutu kwenda peke yangu. Siku za bamvua, maji yakipwa, wanawake wa kijiji chetu, kusini ya Tongoni, walikwenda mwambani kutafuta pweza. Mwamba uko mbali. Ukisimama kule, kijiji ni mstari mwembamba wa minazi, na kila mnazi unafanana na mwenzake. Kati ya mwamba na pwani kuna mikondo miwili, na baina yake fungu la mchanga, jembamba kama kichochoro. Hiyo ndiyo njia. Bahari ikirudi hujaza mikondo kwanza, kimyakimya, nawe huna habari.

Alama yao ilikuwa kaburi. Hakuna aliyejua ni la nani. Lilikuwepo kabla ya babu zetu, limejengwa kwa mawe ukingoni mwa pwani, na kila mwaka kabla ya Maulidi wanawake walichoma chokaa wakalipaka. Nyuma yake ulisimama mnazi uliopinda. Shangazi, ndiye aliyenilea, alinifundisha hivi: "Kaburi likiwa chini ya mnazi uliopinda, tembea. Vikiachana, simama, rudi hatua zako mpaka vikutane tena."

Baadaye macho yake yalipoanza kuingia ukungu, aliacha kuutafuta mnazi. Alifuata weupe tu. Ilitosha, maana pwani nzima kitu cheupe kilikuwa kimoja.

Mwaka niliooa, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa karani Tanga, na nilijenga nyumba kijijini, hatua mia mbili hivi kaskazini ya kaburi, uso wake ukitazama bahari. Nilialika wenzangu wa ofisini. Sikutaka waone kuta za udongo. Chokaa niliyoagiza mjini haikufika, lakini barazani kwa shangazi kulikuwa na madebe mawili ya ile ya kaburi.

"Bwana karani," aliniambia aliponikuta nayo, "chokaa hiyo ina mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa, shangazi. Hana haraka."

Alicheka. "Kweli, maiti ana subira kuliko bibi harusi. Lakini mwachie japo robo debe, asije akatununia."

"Nitairudisha baada ya harusi."

Sikumwachia hata robo. Nilipaka ukuta wa mbele mara tatu, mpaka ukaumiza macho. Kaburi lilikuwa limeshika ukoga wa mvua za mwaka uliopita, limekuwa rangi ya mawe mengine. Niliona, nikapita.

Siku mbili kabla ya harusi wanawake walikwenda mwambani. Saa sita mchana walirudi bila shangazi, nguo zimeloa mvua.

"Tumemwita," mmoja akaniambia. "Kasema kuna pweza mkaidi kajishika pangoni, hamwachi. Wageni wako wa Tanga watakula nini?"

Mvua ikawa nzito. Bahari na mbingu zikawa kitu kimoja cha kijivu. Saa nane alikuwa hajaonekana, na fungu lilikuwa limefunikwa zamani. Tulitoka wanaume wanne na mtumbwi.

Tulipiga kasia bila kuona kitu. Kisha tukasikia sauti yake, tulivu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani.

"Asalaam alaykum, enyi watu wa makaburini."

Halafu tena, vilevile.

Wale watatu waliacha kupiga kasia. Mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi ya kujikinga. Mimi niliijua sauti, na bado nilitaka turudi. Tulimkuta katikati ya mkondo wa kaskazini, maji kifuani, amekumbatia mti wa wando, uzio wa kunasia samaki, uliotelekezwa na wavuvi. Pweza wake alikuwa bado kafungwa kiunoni kwa kanga.

"Kaburi limekataa kusogea," alisema tulipompandisha. "Nimelifuata tangu maji ya kifundo. Kila nikipiga hatua, liko palepale. Mji umehama, wanangu. Nimewasalimia wenyewe, hawaitikii."

Nikageuka kutazama alikokuwa akitazama. Ndani ya mvua pwani ilikuwa imefutika yote, minazi, mapaa, kaburi. Kilichobaki ni kitu kimoja cheupe, cha mraba, kinachoelea pasipo na ardhi chini yake. Mimi mwenyewe, kwa muda wa pumzi mbili, nilidhani ni kaburi. Kisha nikautambua ukuta wangu.

Sikusema. Harusi ilisogezwa wiki moja, wageni wakala yule pweza akiwa mkavu, wakaisifu nyumba.

Shangazi alipona mwili. Kilichoharibika ni njia. Mtu aliyekuwa akitoka kisimani amefumba macho akawa anapotea kati ya jiko na mlango wake. Na kila alasiri, akitoka kwenda kuzuru kaburi kama alivyozoea, miguu ilimleta kwangu. Tulisikia makubadhi yakivuliwa nje. Kisha:

"Asalaam alaykum, enyi watu wa makaburini."

Mke wangu, bibi harusi wa wiki chache, alikuwa akishika mkono wangu. "Mwitikie. Mwambie hapa ni kwetu, tu wazima."

"Nikimwambia atauliza kwa nini ni peupe."

Hilo ndilo lililonizuia. Nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa wakubwa wote wa ofisini. Nilijiambia nitamweleza nikishalipaka kaburi. Chokaa ya mjini ilipofika nikalipaka, na nyumba yangu nikaikandika udongo. Haikusaidia. Alikuwa ameshajifunza upya, na alichojifunza ni mlango wangu.

Alikuja hivyo hadi masika ya mwaka uliofuata. Siku ya mwisho hakuondoka baada ya salamu. Alikaa chini, akaegemea ukuta kwa nje. Mimi nimekaa ndani, mgongo wangu upande wa pili wa ukuta uleule.

"Jirani," alisema, "nakusalimu siku zote hizi. Nina mwanangu, karani. Alichukua chokaa yako. Ukimnunia, ninunie mimi, mimi ndiye niliyecheka."

Alingoja jibu. Nilisikia akipumua. Nilikuwa na salamu mdomoni, tayari.

Nikanyamaza, akavaa makubadhi yake, akaenda.