Pakiti ya Ngano

Niliondoka Iringa bila cheti chochote. Kupika maandazi nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu, hapa Ilomba, hadi nikapata kipimo nilichokiamini kuliko nilivyojiamini: pakiti nzima ya unga wa ngano, ile ya kilo, kwa kikombe cha bati kilichojaa maji. Mteja wangu alikuwa mmoja tu, mama mwenye mgahawa kule Mwanjelwa. Kodi ya chumba changu ilitoka kwake.

Wiki moja donge likaanza kuninata vidoleni. Maandazi yakalala kwenye mafuta, yakayanywa. Nikabadilisha hamira. Nikachemsha maji, nikakata kucha. Mimi ni mtu wa kujilaumu. Nilikanda huku nalia, nikiamini mikono yangu ndiyo imeharibika.

"Kamwene, binti," mama alinipokea kwa salamu ya kwetu, akaliminya andazi moja likatoa mafuta. "Hili la kunywea chai au la kupaka miguu?"

Waliokuwa wakinywa chai walicheka. Nami nikacheka.

Kilichobaki ni ngano yenyewe; dukani nikamwomba muuzaji aiweke pakiti ya ngano kwenye mzani wake wa sukari. Haikufika kilo. Karatasi ni ileile, picha ya ngano ileile, bei imepanda.

"Dada, mbona wameandika hapo chini," alisema. "Muda sasa. Kwani wewe unanunua picha?"

Nakiri nilifurahi. Njia nzima nilijiambia sikukosea. Asubuhi nikapunguza maji, donge likatii. Ila lilikuwa dogo, na mama alitaka idadi yake ileile, basi nikayakata madogo.

Akaliweka moja kiganjani. "Haya sasa ndiyo maandazi. Mbona kama ya watoto wanaocheza harusi?"

Nikamweleza habari ya pakiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanilipa yote.

"Nakuelewa, mwanangu. Lakini mteja wangu haoni pakiti, anaona andazi. Nikipandisha bei ananyanyuka. Kuanzia kesho nachemsha viazi."

"Hata nikipunguza faida yangu?"

"Faida ipi?" aliniuliza kwa upole.

Mwezi ukiisha nakiacha chumba, narudi Iringa. Siku hizi dukani nageuza kila kitu, chumvi, sabuni, majani ya chai, nasoma maandishi madogo ya chini. Muuzaji amenizoea, ananisubiri. Nikimaliza kusoma nanunua hichohicho.