Marahaba ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwaka ule wa korona, nilipomkuta mama yangu ameketi ameuelekea ukuta. Mvi zilikuwa zimeshanijaa, mwanangu, lakini mbele ya mama hakuna mtoto mzee, na kosa nililolifanya lilikuwa la kijana mwenye kiherehere.

Hapa kwetu Ikungi hakuna aliyetufungia ndani. Shule zilifungwa, tukasikia wazee walindwe, basi mimi nikajifanya serikali ya nyumba. Nikamzuia mama kwenda kanisani, gulioni, hata kwa jirani. Wajukuu nikawakataza kukanyaga uani kwake. Kinga ni bora kuliko tiba, niliwaambia, na nilijiona nina akili sana. Ugali na mlenda tuliviweka mlangoni, tukagonga, tukaondoka upesi bila salamu, eti mdomo usije ukamwaga ugonjwa.

Wiki zikapita. Bakuli likaanza kurudi limejaa. Mama, aliyekuwa akisuka nywele kila Jumamosi, akaacha hata kuchana. Nikadhani ni uzee tu. Asubuhi hiyo nikasimama mbali, barakoa usoni, nikamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema bila kugeuka. "Hata kuku, mkiwamwagia mtama mnawaita. Mimi mnagonga mlango mnaondoka. Sijaitikia marahaba tangu mvua zikatike."

Nililia, wala sikuficha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kesho yake nikahamishia alizeti yangu uani kwake. Yeye kibarazani, mimi hatua kumi mbali, napura huku nikipiga soga kwa sauti, maana masikio yake yalikuwa mazito. Wajukuu wakajipanga nje ya ua kila asubuhi, shikamoo moja moja. Siku za kwanza aliitikia kwa shida, tena nusu nusu. Hakupona mara moja. Mpaka siku aliponiambia, "Unapiga alizeti kama unaua nyoka. Hebu toka hapo." Ndipo nikajua mama amerudi.

Mwanangu, korona imepita, lakini wapo waliobaki ndani mpaka leo, na huenda wewe ni mmoja wao. Usione haya kusema, kama mama alivyosema. Na ukija ugonjwa mwingine, nawa mikono, kaa mbali kama unavyoagizwa, ila sauti yako usiifungie. Ukimpelekea mtu chakula, msalimie, usubiri akuitikie.

Mungu akufikishe kwenye mvi, na kusikuche hata siku moja ukakosa wa kumwitikia marahaba.