Alasiri Karne Zilipokuwa Zikiisha

Kila ninapofunua piano kuukuu, kabla sijagusa hata kibonye kimoja, huinuka harufu ambayo nyinyi pengine hamngeijali: nta ya kupaka mbao, vumbi, na sufi iliyokula unyevu wa miaka mingi. Masikio huanza kusikiliza mlango badala ya piano. Sasa mimi ni mama wa watoto wawili, na nafundisha muziki katika jiji hilihili la Birmingham, lakini harufu hiyo ikinijia huwa mtoto wa miaka tisa tena. Nimekaa kwenye benchi la Bi. Ilona kule Edgbaston, na ndani ya nyumba kuna watu.

Mama na mimi tulitoka Voi. Alikuja kusomea uuguzi, masomo yakamkatikia njiani, viza ikaisha, na kesi yetu ikabaki mezani kwa wakili mmoja mjini, ikisubiri. Tuliishi Perry Barr, chumba cha juu nyumbani kwa Mama Mwende, nesi Mkamba aliyetupokea kama ndugu zake. Kila asubuhi, wakati mama wa wenzangu walipowakumbusha kuchukua koti, Mama alinikumbusha mengine. Usimwambie mtu habari zetu. Simu ikilia, iache ilie. Mlango ukigongwa, wewe hupo. Kisha akamalizia kwa msemo wa kwao: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nami nikaelewa kwamba kazi yangu duniani ni kuwa mwoga, na msinicheke nikisema niliifanya kwa bidii kuliko hesabu. Niliogopa magari meupe. Niliogopa wanaume wenye viatu vinavyong'aa. Kwa muda mrefu nilimwogopa hata tarishi, mzee mpole aliyekuwa akiwapa mbwa wa mtaa biskuti.

Bi. Ilona alikuwa mwalimu wa piano aliyestaafu, mzaliwa wa Hungaria, aliyeishi peke yake katika nyumba ya matofali mekundu yenye miti mirefu mbele. Mama ndiye aliyemtunza: kumwogesha, kumpikia, kumpaka dawa magotini. Likizo ya kiangazi ilipofika, na pa kuniacha pakakosekana, akaanza kunichukua. Tulipanda lile basi linalozunguka jiji lote, tukashuka Harborne, tukatembea. Mama aliniagiza nimwite yule mzee Nyanya, kwa adabu. Bi. Ilona alilipenda jina hilo sana, akawa anajitaja hivyo hata kwenye simu, mpaka siku aliponiuliza lina maana gani nyingine nami, kwa ukweli wa kitoto, nikamwonyesha nyanya tatu kwenye bakuli la jikoni. Alizitazama kwa muda. Kisha akasema kwamba ameitwa mabaya zaidi ya hayo.

Nyumba yake haikuwa na hewa. Mapazia mazito, madirisha yamefungwa hata siku ya jua kali. Adhuhuri Mama alitoka kwenda kufagia ofisi ya daktari wa meno mtaa wa pili, akarudi alasiri kwa ufunguo wake mwenyewe. Saa hizo tulibaki sisi wawili, na Bi. Ilona, ambaye hakuweza kumwona mtoto akikaa bure, akaamua kunifundisha muziki wa Ulaya tangu mwanzo wake, enzi baada ya enzi, kama vile wazee wa kwetu wanavyomhesabia mtoto mababu.

Alianza na Zama za Kati, watawa wakiimba sauti moja tu bila chombo chochote. Aliimba mwenyewe, kwa sauti yake kavu, nami nikakumbuka matanga ya babu na nikatamani anyamaze. Akaja kwenye Baroki, akaweka santuri ya hapsikodi, mama wa piano, ambayo nyuzi zake hukwanyuliwa badala ya kugongwa. Pale sauti moja ilitoroka na nyingine ikaifukuza, ya tatu ikazifuata zote mbili, nikageuka kutazama mlango kwa sababu nyumba ilisikika imejaa watu. Klasiki niliipenda. Ilikuwa kama watu wenye adabu wanaoamkiana: huyu anauliza, yule anajibu, hakuna anayemkata mwenzake kauli. Romantiki ilinitisha kuliko zote. Ilinong'ona, kisha ikapiga kelele za radi, na nilijua kwamba katika kelele zile mtu anaweza kugonga mlango tusimsikie.

Mwisho kabisa ilikuwa karne ya ishirini, ambapo sauti zilirushwa huku na huko kama vyombo vilivyovunjika. Nilimwuliza mbona wimbo haurudi nyumbani, kwa maana alikwisha kunifundisha kwamba wimbo lazima urudi pale ulipoanzia. Akanijibu kwamba baada ya vita vile viwili wengi hawakuwa na nyumbani pa kurudi, na watunzi waliona si haki kudanganya. Halafu akapiga kidogo jazi, mkono wa kushoto ukitembea kama mtu asiye na haraka. "Na hapa, Wakio, waliingia watu wenu," akasema. "Hakuna aliyewaalika. Lakini sikia walivyoupanga upya ukumbi mzima."

Kulikuwa na jambo moja nililoliona na sikulitafakari. Mlango wake ulipogongwa, hata kama ni mtu wa maziwa, Bi. Ilona aliinua sindano kutoka kwenye santuri, akasimama ameegemea ukuta, mkono wake ukiwa begani kwangu, asipumue mpaka nyayo ziende. Nilidhani anafanya hivyo kwa ajili yetu. Nilimshukuru moyoni.

Basi siku ile kengele ililia tukiwa tumeketi kwenye piano. Tukangoja. Ikalia tena. Kisha sauti ya mwanamume ikasema kupitia tundu la barua kwamba wanatoka uhamiaji, wangependa kuzungumza na mwenye nyumba, na wamesikia piano, kwa hiyo wanajua yumo.

Nilimtazama Bi. Ilona nikitegemea aende ukutani. Badala yake alishika fimbo yake, akajivuta hadi mlangoni, akaufungua.

Walikuwa wawili. Mwanamume wa makamo aliyevaa viatu vinavyong'aa, kama nilivyoota siku zote, na mwanamke kijana mwenye nywele zilizobanwa nyuma. Mwanamume alisema wanamtafuta mama mmoja Mkenya anayesemekana anafanya kazi pale. Akanitazama, akauliza mimi ni nani.

"Mwanafunzi wangu," akasema Bi. Ilona. "Na huyo mnayemtafuta, jioneeni wenyewe, hayupo. Mkitaka kusubiri, viti vipo. Lakini hii ni saa ya somo, na mimi sijawahi kusimamisha somo kwa ajili ya mtu yeyote."

Wakakaa. Hilo ndilo lililoniua. Wangeondoka ningepumua, lakini walikaa kumsubiri Mama, na Mama angerudi alasiri na ufunguo wake, aufungue mlango mwenyewe kama anayeingia kwake.

"Wakio," Bi. Ilona akasema, "wageni wetu wanasikia joto. Vuta pazia, ufungue dirisha."

Dirisha lile halikuwahi kufunguliwa tangu niijue nyumba ile. Nililivuta kwa nguvu zangu zote, likalia, hewa ya mtaani ikaingia na harufu ya majani yaliyokatwa. Nikarudi kwenye benchi, kazi yangu ikawa kufunua kurasa. Naye akawatangazia kwamba leo mwanafunzi wake anarudia enzi zote tangu mwanzo, kama maandalizi ya mtihani. Hapakuwa na mtihani wowote.

Akaanza na watawa. Aliwaimba taratibu, akarudia, akaeleza kwa kirefu jinsi mawe ya kanisa yalivyoirudisha sauti. Mwanamume alitazama saa. Akaingia Baroki, akapiga kila sauti peke yake kabla ya kuziunganisha. Yule mwanamke kijana alisema kwa sauti ndogo kwamba naye alijifunza piano utotoni, na mwenzake akamtupia jicho. Mimi nilikuwa nahesabu kwa namna yangu. Nilizijua enzi zote kwa mpangilio, na nilijua kwamba baada ya hii inakuja ile, na baada ya ile inakuja nyingine, kisha basi. Historia yote ya muziki ilikuwa ndicho kitu pekee kilichosimama kati ya Mama na watu wale, nayo ilikuwa ikipungua. Klasiki ilikwisha upesi mno. Sikuwahi kujua kwamba miaka mia inaweza kuisha upesi hivyo. Nilitaka kumshika mkono, nimwambie Nyanya, usikimbie, lakini niligeuza tu ukurasa.

Tulikuwa katikati ya Romantiki, radi zimejaa chumbani, nilipomwona. Mama alikuwa akija kando ya barabara, mfuko wake wa kazi begani. Akaliona dirisha. Mwendo wake ulikatika kidogo, kiasi cha mtu aliyejikwaa. Macho yake yakapita dirishani, yakanigusa, na nikajua ameniona. Kisha akatazama mbele akaendelea kutembea. Alipita lango. Alipita miti. Akapita kama mtu asiyeijua nyumba ile wala yeyote aliyemo.

Nitawaambieni ukweli: sikufikiri kwamba Mama amejiokoa. Nilifikiri ameniacha. Mtoto wa miaka tisa hana fikira nyingine. Bi. Ilona akasema, "Wakio, ukurasa," na nikafunua.

Alimaliza karne ya ishirini yote, sauti baada ya sauti isiyo na kwao. Akafunika piano. Akawaambia kwamba somo limekwisha, yeye ni mzee na sasa analala. Mwanamume akasema watarudi. Mwanamke kijana alinipa mkono, akaniambia nimefunua kurasa vizuri. Mpaka leo sijui alijua nini.

Gari lao lilipokwisha kuondoka, Bi. Ilona alivaa koti lake la baridi juu ya gauni la nyumbani, katika jua lile, akanishika mkono tukatoka. Alitembea kwa fimbo, akipumzika kila penye ukuta, mpaka kwenye bustani ambako Mama na mimi tulizoea kula mkate wetu. Mama alikuwapo, ameketi, mfuko mapajani. Hawakukumbatiana, kwa kuogopa macho ya watu. Bi. Ilona aliuachia mkono wangu, Mama akaushika. Akatuambia tusirudi tena. Ndivyo tulivyoagana.

Makaratasi yetu yalipatikana baada ya miaka, nikiwa sekondari. Jambo la kwanza alilofanya Mama ni kumtafuta. Majirani wa Edgbaston walisema alihamishiwa nyumba ya wazee huko Sutton Coldfield, basi tukavaa vizuri tukapanda treni. Alikuwa amepungua sana, lakini alitujua. Alimshika Mama shavu, akamwuliza kama yuko salama, na Mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu, akaitika kwa kichwa tu.

Nilimwambia kwamba siku ile nilimstaajabia, kwamba sijawahi kuona mtu asiyeogopa namna ile.

"Nilijikojolea kidogo," akasema. "Tukiwa kwenye Klasiki. Ndiyo maana niliipiga haraka." Alicheka, akakohoa. Kisha akasimulia kwa maneno machache, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba huko kwao, akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi, waligonga mlango na baba yake ndiye aliyefungua. Yeye alikuwa chini ya piano. Baba yake hakurudi. Amekuwa raia wa Uingereza miaka mingi, akasema, pasipoti ipo kwenye droo, na hajawahi kufungua mlango bila hofu. "Lakini wewe ulikuwa umetulia," akaniambia. "Niliutazama mkono wako ukifunua kurasa, nikaona, kama mtoto huyu anaweza, nami naweza."

Tukiwa kwenye treni ya kurudi nikamwuliza Mama swali nililokaa nalo kifuani miaka yote ile: aliwezaje kupita tu. Alitazama nje, nyua za watu na nguo zao zilizoanikwa zikipita.

"Nilikuangalia wewe," akasema. "Nikaona hulii. Umekaa wima, unafunua kurasa. Nikasema, kama mwanangu haogopi, hata mimi nitatembea."

Sikulia kwa sababu nilikuwa nimeganda. Machozi yenyewe yaliogopa kutoka. Mkono ule ulifunua kurasa kwa sababu haukujua la kufanya jingine. Mimi nilijishikilia kwa vidole vya Bi. Ilona nikidhani havina hofu, naye akajishikilia kwa mkono wangu, na Mama, kule barabarani, akajishikilia kwa uso wangu mkavu. Kila mmoja wetu aliazima ujasiri kwa mwenzake ambaye hakuwa nao, na hata leo, nikiwa na umri wa kuelewa mambo, sijui ulitoka wapi. Lakini ulitutosha sote watatu.